Mfungueni jaji mikono: barua ya wazi kutoka Tanga

Kwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali,
Kwa waheshimiwa wabunge wa Mkoa wa Tanga, wa majimbo na wa viti maalumu.

Waheshimiwa, shikamooni nyote mnaostahili shikamoo yangu, na wale niliowatangulia kuzaliwa nawaitikia marahaba kabla hawajasema. Mimi ni mkazi wa Ngamiani. Nimewahi kuitwa kukaa Mahakama Kuu kama mzee wa baraza, yaani raia anayekaa pamoja na jaji na kumpa maoni yake, enzi zile kesi ya mauaji haikuweza kusikilizwa bila sisi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, jaji anaweza kuendesha shauri peke yake, na sina ugomvi na hilo. Tuseme kweli: kesi si chache zilifutwa na Mahakama ya Rufani kwa sababu yetu. Mzee anamhoji shahidi kama vile ameajiriwa na Jamhuri, au jaji anapitiwa kutufafanulia jambo la sheria, basi shauri zima linaanza upya na mshtakiwa anarudi mahabusu. Sisi tumeondoka. Ninachowaandikia ni kile kilichobaki: adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji.

Katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuna kifungu ambacho wengi tumekizoea kwa namba 197. Mtu akitiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, adhabu ni kifo, na jaji hana nafasi ya kuchagua nyingine. Njia nayo imeandikwa: kunyongwa. Wanaoepuka ni mama mjamzito na yule ambaye siku ya tendo alikuwa hajatimiza miaka 18. Waliobaki wote, awe alipanga kwa mwezi mzima au alishikwa na hasira ya dakika moja iliyovuka mpaka wa kuua bila kukusudia, wanasomewa maneno yale yale.

Mwizi wa mbuzi katika mahakama ya mwanzo huulizwa na hakimu: una lipi la kusema kabla sijakupa adhabu? Naye hujieleza. Ana watoto, ana mama mgonjwa, ni kosa lake la kwanza. Hakimu anaweza kusikia au asisikie, lakini ameuliza. Aliyetiwa hatiani kwa mauaji hata akijieleza mpaka jua lizame, hakuna kinachoweza kubadilika. Mahali ambapo neno la mtu lina uzito mkubwa kuliko pote, ndipo sheria yetu imeamua kutokuwa na masikio.

Niliwahi kukaa kwenye kesi mbili katika kikao kimoja. Sitaji majina wala vijiji. Ya kwanza ilikuwa ya kijana na shemeji yake, ugomvi wa mpaka wa shamba na minazi iliyokuwa juu ya mpaka huo. Walitukanana tangu asubuhi, mchana panga likatumika. Utetezi ulisema alichokozwa. Jaji akaona kwamba kati ya matusi na panga ulipita muda wa kutosha hasira kupoa, kwa hiyo ni kukusudia. Kwa sheria ilivyo, sikuona pa kumpinga. Kesi ya pili ilikuwa ya mtu aliyepokea pesa, akamfuatilia mwenzake mpaka akajua njia zake, akamuua, kisha akaenda msibani kula pilau. Hukumu zote mbili zilimalizika kwa sentensi moja: utanyongwa hadi kufa. Katika ile ya kwanza jaji alisema mbele ya watu kwamba mikono yake imefungwa, sheria imempa adhabu moja tu. Kisha akaisoma. Mzee wa baraza huulizwa kama mshtakiwa ana hatia au hana. Habari ya adhabu haulizwi, kwa hiyo nilikaa kimya kama wote.

Nawaulizeni nyinyi mnaotunga sheria: mnamlipa mshahara mtu aliyesoma miaka yote ile na kuonja kesi za kila namna, halafu kwenye saa ambayo busara yake inahitajika kuliko saa nyingine yoyote mnamkabidhi karatasi iliyokwisha jazwa. Kwa nini?

Sasa nije kwenye jambo ambalo linanikera zaidi, maana hapa kuna kiini macho. Huku Bara hatujamnyonga mtu tangu mwaka 1994, wakati wa Mzee Mwinyi. Mkapa hakusaini. Kikwete hakusaini. Magufuli, ambaye hakuna aliyewahi kumwita mpole, alisema waziwazi Septemba 2017, siku alipomwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, kwamba asipelekewe orodha hiyo kwa sababu anajua ugumu wa kuitekeleza. Mwezi Desemba mwaka huo huo akawasamehe wafungwa 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa. Rais Samia naye hajanyonga. Watu wengi husikia haya wakashusha pumzi: basi, mbona mambo ni shwari.

Si shwari. Someni Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, Sura ya 20. Rufaa ikishagonga mwamba, kumbukumbu za kesi na ripoti ya jaji zinapelekwa kwa Rais, na Rais anatakiwa atoe moja kati ya matatu: hati ya kunyonga, amri ya kubadilisha adhabu, au msamaha. La nne, kuliweka faili kabatini na kunyamaza, halimo humo. Kwa zaidi ya miaka 30 nchi yetu imeishi ndani ya hilo la nne. Majaji wanaendelea kuhukumu, magereza yanaendelea kupokea, mamia ya watu wanakaa wakisubiri kitu ambacho hakiji wala hakiondolewi. Hapa kwetu wamo Gereza Kuu la Maweni. Daladala zinapita, watu wanashuka na matenga yao ya samaki, na ndani ya kuta zile kuna mtu anayesikia kila funguo inayolia usiku na hajui maana yake.

Mtaniambia ni afadhali kusubiri kuliko kufa. Kwa siku moja, kweli. Kwa miaka 15 au 20, mahakama za wenzetu zimekwisha kusema kwamba kusubiri huko nako ni adhabu ya pili, ambayo hakuna jaji aliyeitoa. Uganda, Mahakama yao ya Juu iliamua mwaka 2009, katika kesi maarufu ya Susan Kigula na wenzake, kwamba aliyekaa zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa ya mwisho bila kunyongwa, adhabu yake inageuka kuwa kifungo cha maisha. Katika kesi hiyo hiyo waliitupa adhabu ya kifo ya lazima. Kenya wakafuata Desemba 2017 kwenye kesi ya Muruatetu. Malawi walishawatangulia wote tangu 2007. Rwanda, baada ya yote yaliyoipata, iliifuta kabisa mwaka 2007. Zambia wakaifuta Desemba 2022, na Zimbabwe siku ya mwisho ya mwaka 2024, mkono wa Rais Mnangagwa ukitia sahihi, yeye ambaye ujanani alihukumiwa kifo na utawala wa walowezi akaponea umri wake mdogo.

Na sisi hatukosi waliotangulia. Mwaka ule ule wa 1994, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, akiwa Dodoma, aliandika katika kesi ya Mbushuu kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikasikiliza. Ikakubali, na hili watu wengi hawalijui, kwamba adhabu hii ni ya kikatili na inadhalilisha. Kisha ikasema kwamba hata hivyo Ibara ya 30(2) inailinda kwa sababu ya maslahi ya umma. Yaani mahakama ya juu kabisa nchini ilikubali ubaya wake, ikaacha mlango wazi kwa jamii kuamua kama inaitaka. Jamii katika jambo la kutunga sheria ni nyinyi.

Kisha Arusha. Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo tunaipa makao na bendera yetu inapepea pale, ilitoa hukumu katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania. Iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kunavunja haki ya uhai, na kwamba kunyonga kunavunja utu. Ikaipa serikali mwaka mmoja kuondoa ulazima huo. Siku chache kabla ya hukumu, serikali ilikuwa imewasilisha barua ya kujitoa katika utaratibu unaomruhusu raia kwenda mwenyewe kwenye mahakama hiyo. Kujitoa huko hakukuifuta hukumu. Mwaka mmoja ulipita, ukapita mwingine, na mahakama ikaendelea kusema neno lile lile katika kesi nyingine zilizokuwa zimekwisha funguliwa. Mwenye nyumba anayempangisha hakimu chumba cha mbele halafu anakataa kumwitikia akibisha hodi: hivyo ndivyo tunavyoonekana.

Najua jibu lililo tayari. Wananchi wanataka. Nami sitajidai kuwa wananchi hawataki, kwa sababu nimo miongoni mwao. Mwaka 2016 watu wanane walichinjwa Kibatini, hapa hapa Tanga, usiku, majumbani kwao. Asubuhi ile kama mngetuuliza barazani, hata wenye tasbihi mkononi, mngepata jibu moja. Hasira ile ilikuwa ya haki. Lakini kitanzi kilikuwepo kwenye vitabu siku hiyo, na siku ya kabla yake. Kilikuwepo miaka yote ile ndugu zetu wenye ualbino walipokuwa wakiwindwa Kanda ya Ziwa, na Waziri Mkuu Pinda akatokwa machozi bungeni mwaka 2009. Kipo kila wiki magazeti yanapoandika kwamba kibaka ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Wananchi hao wanaopiga tofali kichwani mwa mtoto wa mtu, kwa sheria ile ile, nao wanastahili kunyongwa, na hakuna hata mmoja anayerudisha mkono kwa kulikumbuka hilo. Muuaji anayejificha anafikiria kutokamatwa, na mwenye hasira hafikirii chochote. Kinachomtisha mhalifu ni mpelelezi hodari na kesi isiyochukua miaka kusikilizwa. Hayo mawili ni ghali, kamba ni rahisi.

Na wapelelezi wetu, tuzungumze ukweli, mara nyingi wanafanya kazi na kile walichonacho. Kesi nyingi za mauaji vijijini zinasimama juu ya shahidi aliyemwona mtu usiku kwa mwanga wa koroboi. Tangu kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imekuwa ikikumbusha: mwanga ulikuwa kiasi gani, umbali gani, alimtazama kwa muda gani, alikuwa akimfahamu kabla? Watu wamekaa chini ya hukumu ya kunyongwa kisha wakaachiwa huru kwa sababu ya maswali hayo. Ni vizuri wameachiwa. Lakini rufaa nayo husikilizwa na binadamu, kwa karatasi zilizoandikwa na binadamu.

Wenzangu wa misikitini watauliza: kisasi si kimo kwenye Kitabu? Kimo. Aya ya 178 ya Sura al-Baqara inakitaja, na papo hapo inafungua mlango wa kusamehe na kulipana kwa wema, na inauita mlango huo tahafifu, yaani nafuu, na rehema kutoka kwa Mola. Wenye damu, yaani ndugu wa aliyeuawa, wana kauli: watake kisasi, wachukue dia, yaani fidia ya damu, au wasamehe. Linganisheni na kifungu chetu. Mama wa marehemu akisimama mahakamani leo akasema nimemsamehe huyu kijana, msimuue, kauli yake haina mahali pa kuandikwa. Akisema nataka fidia nisomeshe wajukuu, kwenye hukumu ya kifo hapati hata nauli ya kurudi Mkinga. Anayekitetea kifungu hiki kwa jina la dini akisome tena. Upande wa Wakatoliki, Papa Francis alibadilisha Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, mwaka 2018, na sasa inasema adhabu hii haikubaliki. Kwa hiyo viongozi wa dini wasiwekwe mbele kama ngao.

Kuhusu njia yenyewe, nitasema kidogo, ingawa wengi hawapendi kusikia. Kunyonga kunaitwa kifo cha haraka. Mwingereza mmoja, William Marwood, ndiye aliyeanza mwaka 1872 kupima uzito wa mtu ili ajue amwangushe kutoka urefu gani. Baadaye serikali yake ikachapa jedwali. Kwa hesabu yao ya mwaka 1913, mtu wa kilo 68 anaangushwa karibu mita mbili. Ukipunguza, shingo haivunjiki, mtu anakabwa polepole. Ukizidisha, kichwa kinatoka. Hilo la pili si hadithi: Januari 2007, huko Iraki, serikali ilipomnyonga ndugu wa mama mmoja wa Saddam Hussein, kichwa kilikatika. Na kazi hiyo hapa kwetu anapewa askari magereza. Waliowahi kuifanya kabla ya 1995 wengi wao watakuwa wamestaafu. Siku mtakayotaka kuifufua itabidi mumfundishe kijana aliyejiunga na jeshi la magereza kwa ajili ya ajira, mumfundishe mizani na fundo, kisha jioni arudi nyumbani kula na wanawe.

Nasikia pia wanaosema basi tubadilishe njia, tutafute ya kistaarabu. Nawasihi msipoteze fedha huko. Marekani wamehangaika tangu kiti cha umeme cha mwaka 1890. Wakaja na sindano: Oklahoma, Aprili 2014, mfungwa Clayton Lockett alikufa dakika 43 baada ya kuanza kudungwa, akiwa amejaribu kuinuka na kusema. Wakaja na gesi ya naitrojeni: Alabama, Januari 2024, mashahidi walimwona Kenneth Smith akitikisika na kujipinda kitandani kwa dakika kadhaa. Nchi tajiri, yenye madaktari na wahandisi, haijaipata njia hiyo. Sisi ambao hospitali za wilaya zinahangaika na dawa za usingizi za upasuaji tusianze kuzitafuta za kuulia.

Hapa pwani kitanzi kina wasifu wake. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na Wajerumani walioongozwa na Wissmann, kwa kukataa kutawaliwa. Bagamoyo pana mahali ufukweni walipokuwa wakinyongewa waliopinga, watalii hupelekwa kupiga picha. Songea, Februari 1906, wakati wa vita vya Majimaji, walinyongwa 67 kwa siku moja. Kanuni ya Adhabu yenyewe tuliletewa na Waingereza mwaka 1930, nao kwao mtu wa mwisho walimnyonga Agosti 1964. Sisemi ifutwe kwa kuwa ni ya wakoloni. Reli ya Tanga nayo waliianza Wajerumani, mwaka 1893, na hakuna anayetaka ing'olewe. Nasema tu kwamba chombo hiki kililetwa kwetu ili watu watazame na waogope, na haki kwa aliyeuawa haikuwa shabaha yake. Anayekiita mila yetu anakosea anwani.

Mimi ningependa adhabu hii ifutwe yote. Lakini barua hii haiombi hilo. Inaomba kitu ambacho hata mpenda kitanzi anaweza kukikubali akiwa ametulia. Leteni bungeni marekebisho ya kifungu kile cha mauaji, kifo kisiwe cha lazima, jaji asikilize kwanza kisha achague hadi kifungo cha maisha. Wekeni muda: rufaa ya mwisho ikishatupwa, Rais asipotoa uamuzi ndani ya miaka mliyoikubali, adhabu igeuke yenyewe bila kusubiri sikukuu ya Uhuru. Waliokwisha kuhukumiwa chini ya ulazima huu warudishwe mbele ya jaji wasikilizwe kuhusu adhabu peke yake, kama walivyofanya Kenya, Uganda na Malawi. Na familia za waliouawa ziwe na haki ya kusema neno kabla ya adhabu, na ya kulipwa kitu, hata kama ni ada ya shule.

Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman ilizunguka nchi nzima ikakabidhi ripoti yake Julai 2023, kwa hiyo hamwezi kusema mnahitaji tume nyingine. Wabunge wetu wa Tanga, nyinyi nina ombi dogo zaidi: ulizeni swali moja la msingi bungeni. Ni wafungwa wangapi wa adhabu ya kifo wako Maweni leo, na aliyekaa muda mrefu kuliko wote amekaa tangu mwaka gani? Jibu liingie kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, tulisome.

Wenu,
Mzee wa baraza wa zamani,
Ngamiani, Tanga.